Asili Peke Yake Si Dawa

Yako maneno ambayo yakitamkwa tu, watu huweka silaha zao chini. Mojawapo ni neno asili. Chombo kikiitwa cha asili twakiona bora, chakula kikiitwa cha asili twakiona safi, na dawa ikiitwa ya asili twainywa bila ya kuuliza. Sisemi kuwa neno hili ni baya. Asili ni shina la kila kitu, na mtu asiyejua asili yake hufanana na mti usio na mizizi. Lakini neno zuri ni kama joho zuri: mwungwana hulivaa likampendeza, na mwizi naye aweza kulivaa. Katika insha hii nataka, msomaji wangu, tulivue joho hili tutazame kilichomo ndani yake, hasa pale linapovalishwa dawa ya ugonjwa wa moyo. Nachagua moyo kwa sababu ni kiungo kisichotupa nafasi ya kukosea mara nyingi.

Hoja yangu ni fupi. Nasema kuwa jina la asili halimponyi mtu, na jina la kizungu halimponyi mtu vile vile. Kinachoponya ni kitu ambacho kiasi chake kinajulikana, faida yake imepimwa, na madhara yake yamesemwa wazi. Kisha nasema kuwa iko tiba ya moyo iliyo ya asili kweli kweli. Hiyo imepimwa ikaonekana kuwa yafaa, lakini hutaisikia ikinadiwa sokoni, maana haiingii katika chupa.

Na tuanze na moyo wenyewe, kwani mtu hawezi kukilinda asichokijua. Kunja ngumi yako uitazame: moyo wako hauzidi sana ukubwa huo. Umekaa kifuani baina ya mapafu mawili, umeelekea kidogo upande wa kushoto, nao una vyumba vinne. Viwili vya kulia hupokea damu iliyokwisha kazi yake mwilini na kuipeleka mapafuni ikapate hewa safi. Viwili vya kushoto huipokea ikitoka mapafuni na kuitawanya kila mahali, toka utosini hata unyayoni. Milango minne midogo, iitwayo vali, hufunguka na kufungika ili damu isirudi ilikotoka. Mtu akiwa ametulia, moyo hupiga kiasi cha mara 70 kwa dakika, yaani mara 100,000 hivi kwa siku moja, na kila dakika husukuma kiasi cha lita 5 za damu. Mkulima hupumzika usiku na fahali wa plau hupumzika jioni. Moyo haujaomba likizo tangu ulipokuwa tumboni mwa mama yako.

Maarifa haya hayakuokotwa njiani. Katika karne ya 13 tabibu Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Sham aliyefanya kazi Misri, aliandika kuwa damu hutoka upande wa kulia wa moyo na kufika upande wa kushoto kwa kupitia mapafuni. Kwa maneno hayo alipingana na vitabu vilivyoheshimiwa kwa karne nyingi. Mwaka 1628 William Harvey, Mwingereza, alionyesha kuwa damu huzunguka mwili mzima na kurudi moyoni. Aliwezaje kulithibitisha jambo hilo? Alipima. Alikadiria damu inayotoka kwa pigo moja, akazidisha kwa idadi ya mapigo, akaona kuwa katika muda mfupi moyo hutoa damu nyingi kuliko iliyomo mwilini mote. Basi haikosi ni damu ile ile inayokwenda na kurudi. Hesabu ya kuzidisha, ambayo wewe ulifundishwa ungali mdogo, iliangusha imani ya zamani sana. Lishike neno hili la kupima, maana nitalirudia.

Moyo huugua kwa njia nyingi, lakini kwa leo tatu zatutosha. Njia ya kwanza ni ya mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Mafuta hujikusanya katika kuta za mishipa hiyo mwaka hata mwaka, njia ya damu ikasonga, na siku moja damu ikaganda pale ikaziba kabisa. Sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo hukosa hewa ikaanza kufa. Hilo ndilo shambulio la moyo. Njia ya pili ni shinikizo la damu, ambalo watu wetu huliita presha. Damu ikisukuma kuta za mishipa kwa nguvu kupita kiasi, moyo hulazimika kufanya kazi ya wawili. Ukuta wake hunenepa, kisha huchoka. Mshipa wa ubongo nao huziba au hupasuka, mtu akapatwa na kiharusi, na figo huharibika kimya kimya. Njia ya tatu yakuhusu wewe hasa, kijana, kwani huwapata zaidi watoto wa baina ya miaka 5 na 15. Koo la mtoto huingiwa na vijidudu, likauma, likapuuzwa. Baada ya majuma machache huja homa ya baridi yabisi: viungo huvimba, na zile vali za moyo hushikwa na uvimbe zikapata makovu. Mlango wenye kovu haufunguki sawasawa wala haufungiki sawasawa. Mtoto aliyekuwa akiwashinda wenzake kwa mbio hushindwa kupanda ngazi.

Katika maradhi hayo, presha ndiyo yenye hila kuliko yote, maana aghalabu haina maumivu. Jino likiuma hutalala. Mguu ukivunjika hutatembea. Presha hukuacha ule, ucheke, ulime na kucheza ngoma, na wakati huo huo inakula mishipa yako kama mchwa alavyo boriti. Mwaka 2015 ulifanywa uchunguzi wa serikali katika Kenya nzima. Ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne ana shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa hata mara moja maishani mwao. Ugonjwa usio na maumivu na usiopimwa ni shamba lenye rutuba kwa mwongo. Mgonjwa akijisikia mzima, kila kitu alichokinywa chaweza kudai kuwa ndicho kilichomponya.

Nitakueleza jinsi nilivyolijua hilo, ingawa kulieleza kunaniaibisha.

Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu tulikuwa na mpishi mmoja, mtu mzima, mnene, mwenye kicheko kilichosikika mpaka bwenini. Alituita wanangu, na sisi tulimwita Mzee. Mwanafunzi aliyechelewa kurudi kutoka mazoezi ya kufundisha alikuta chakula chake kimefunikwa. Siku moja Mzee alipimwa katika zahanati akaambiwa ana presha, akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Alivimeza kwa miezi kadhaa. Kisha, siku ya soko, alikuja mtu mwenye gari dogo na kipaza sauti. Alisema kuwa vidonge ni sumu ya kizungu, kuwa yeye anayo mizizi ya asili iliyowaponya wazee wetu, na kuwa dawa mbili hazikai tumbo moja, kwa hiyo mnunuzi lazima aache vidonge kwanza. Chupa sita zilitakiwa. Bei yake ilizidi uwezo wa mpishi.

Sisi wanafunzi tulimpenda Mzee, tukachanga. Mimi ndimi niliyeshika daftari na kuandika majina ya waliotoa. Hapana hata mmoja wetu, walimu wa kesho, aliyeuliza mizizi gani, kiasi gani, wala nani alipimwa baada ya kuinywa. Mzee aliinywa, akatuambia anajisikia kama kijana. Tulifurahi. Kujisikia tulikusikia, kupima hatukupima. Mwezi wa tatu, asubuhi moja, hapakuwa na uji. Tulimkuta karibu na jiko, nusu ya mwili wake imekufa, mdomo umepinda, macho yanatutazama na ulimi hausemi. Hakufa siku ile. Aliishi, lakini mkono uliokuwa ukikoroga sufuria ya watu mia tatu haukuweza tena kushika kijiko chake mwenyewe. Na yule mwenye kipaza sauti hakurudi katika soko letu kuuliza hali ya mteja wake.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyasikiliza kwa makini maneno ya wauza chupa. Nimeona kuwa hoja zao kubwa ni tatu. Nitazijibu moja moja, ili siku utakapozisikia uwe na jibu.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba kitu cha asili hakidhuru. Basi na waende wakamwulize ndovu. Katika nchi yetu hii hii kuna mti uitwao msunguti. Wawindaji wa Kikamba, wa Kigiriama na wa Kiwaata walichemsha vipande vyake kwa saa nyingi mpaka maji yakawa mazito meusi kama lami, wakapaka mishale yao. Mshale huo ukimpata mnyama mkubwa kiasi gani, sumu huingia damuni na kuusimamisha moyo. Huo ni mti wa asili, uliooteshwa na Mungu, haukutoka kiwandani. Asiyedhurika na asili na aulambe mshale huo.

Tena sikiliza ajabu yake. John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza huko Unguja, alisafiri na Livingstone katika bonde la mto Zambezi baina ya miaka 1858 na 1863. Huko aliona sumu ya mishale iliyotokana na mmea wa jamii moja na msunguti. Sumu hiyo iligusa mswaki wake kwa bahati. Alipopiga mswaki alionja uchungu, akajishika mapigo yake, akaona yamepungua. Kisha mtaalamu Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza sumu hiyo kwa miaka mingi, na katika karne ile ile ya 19 ikaingia hospitalini kuwa dawa ya mioyo iliyochoka. Mmea ni ule ule: kwa kiasi kimoja huua, kwa kiasi kingine husaidia. Kilichoitenga dawa na sumu ni kipimo tu.

Kisa cha William Withering kinafundisha zaidi. Huyu alikuwa daktari wa Uingereza. Alisikia habari za mama mmoja wa shamba aliyewatibu watu waliovimba mwili kwa mchanganyiko wa siri wa majani mengi. Withering hakumcheka mama yule. Aliichunguza dawa yake, akatambua kuwa nguvu imo katika jani moja tu, la ua liitwalo dijitali. Akalikausha, akalipima kwa mizani, akalitumia kwa wagonjwa wake kwa muda wa miaka kama kumi, na mwaka 1785 akachapisha kitabu. Nakuomba ukumbuke sifa ya kitabu hicho: alieleza waliopona, akaeleza waliodhurika, akaeleza na waliokufa. Alionya kuwa jani hilo likizidi kidogo hutapisha, huharibu macho, hatimaye huua. Dawa itokanayo na ukoo wa jani hilo ingali ikitumiwa na madaktari. Je, umewahi kumsikia mwenye kipaza sauti akitaja idadi ya wateja wake waliokufa?

Kwa hiyo yule anayesema kuwa hospitali na asili ni maadui hajui historia ya dawa. Penisilini, inayoua vijidudu vya koo na kuuokoa moyo wa mtoto, ilitoka katika kuvu, naye Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928. Dawa ya kwanza ya jamii ile inayopunguza mafuta mabaya ya damu ilipatikana pia katika kuvu, na Akira Endo wa Japani, aliyechunguza kuvu za aina elfu kadhaa katika miaka ya 1970. Mzizi mmoja wa Bara Hindi uliotumiwa huko kwa karne nyingi ulipimwa na Rustom Vakil wa Bombay, akatangaza mwaka 1949 kuwa hushusha presha. Na wapimaji waliofuata wakaona kuwa huwatia baadhi ya wagonjwa huzuni kubwa, wakaonya. Hivyo ndivyo asili inavyoheshimiwa. Kuiheshimu ni kuitia mizanini. Anayeitia katika chupa isiyo na maelezo huwa ameitukana.

Hoja yao ya pili ni kwamba wazee wetu hawakuwa na presha, kwa kuwa walikunywa mizizi. Hapa nusu ya neno ni kweli, na uwongo uliochanganywa na kweli ndio mgumu kuutema. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, Donnison, aliandika habari za watu wa Kavirondo, upande wa ziwa. Alikuwa amewapima watu wapatao elfu moja. Aliona kuwa shinikizo la damu yao halikupanda na uzee kama lilivyopanda la watu wa Ulaya, na katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake hakuona hata mmoja mwenye ugonjwa wa presha. Basi kweli wazee walikuwa salama. Je, ni mizizi iliyowasalimisha?

Jibu lilipatikana miaka hamsini na zaidi baadaye. Katika miaka ya 1980 wachunguzi waliwafuata vijana wa Kijaluo waliotoka vijijini kwenda Nairobi kutafuta kazi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Mwisho wa mwezi wa kwanza tu, shinikizo la waliohamia mjini lilikuwa limekwisha kuzidi la wenzao. Ukoo ulikuwa mmoja, damu ilikuwa moja, na ndani ya siku thelathini mishipa yao ilikwisha kubadilika. Mkojo wao ulipopimwa ulionekana una chumvi nyingi zaidi, na upungufu wa potasiamu, ile madini inayopatikana katika mboga na matunda. Kilichobadilika kilikuwa sahani yao na mwendo wao. Wazee wetu hawakulindwa na chupa. Walilindwa na chakula kisicho na chumvi nyingi, na jembe, na miguu iliyotembea toka alfajiri hata magharibi. Muuza chupa huitwaa sifa ya jembe akaipa mizizi yake, akaila pesa.

Hoja yao ya tatu ni kwamba vidonge humfanya mtu mtumwa, kwa sababu havina mwisho. Nami nauliza: nani aliyemaliza kula? Twala kila siku, wala hapana asemaye kuwa ni mtumwa wa ugali. Nguzo inayoshikilia paa haiondolewi kwa kuwa paa halijaanguka. Halijaanguka kwa kuwa nguzo ipo. Ni kweli kwamba vidonge vina taabu zake. Kimoja huleta kikohozi, kingine huvimbisha miguu, kingine huleta kizunguzungu. Mgonjwa aseme, daktari atabadilisha. Kuacha kimya kimya ni kubomoa nguzo usiku watoto wamelala.

Sasa, ili nisihukumiwe kuwa na upendeleo, yanipasa kuitazama na hospitali. Mgonjwa huamka alfajiri, husimama katika foleni mpaka jua la utosi, kisha huingia chumba ambamo hasalimiwi. Huandikiwa karatasi asiyoweza kuisoma, huambiwa dawa zimekwisha, akanunue. Haambiwi ugonjwa wake ni nini wala kwa nini ameze kidonge hali haumwi. Kumbe mwenye chupa humwita mzee wangu, humpa kiti, humsikiliza hata habari za wajukuu. Nani basi atashangaa mgonjwa akimfuata huyo? Mwaka 2011 watu maelfu kwa maelfu, na wa Kenya miongoni mwao, walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini ya Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500 za huko. Wengine walitolewa katika vitanda vya hospitali, na wako waliokufa njiani na katika foleni. Sisemi watu wale walikuwa wajinga. Walikuwa watu waliochoka kutosikilizwa. Wewe utakayekuwa daktari au mwuguzi, jua kuwa kila mgonjwa uliyemkemea umemwongezea mwenye chupa mteja.

Nimebomoa vya kutosha, sasa nijenge. Nilisema kuwa iko tiba ya asili iliyo ya kweli. Ni hii.

Punguza chumvi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha ndani ya mkate, ya vipande vya mchuzi vya dukani na ya viazi vya pakiti unavyovinunua saa ya mapumziko. Usinyunyize chumvi juu ya chakula usichokwisha kukionja.

Kula mboga, maharagwe, ndizi na matunda ya shambani. Mwaka 1997 wachunguzi wa Marekani walieleza majaribio yao ya chakula cha namna hiyo, chenye mboga na matunda mengi na mafuta machache. Wenye presha waliokila shinikizo lao la juu lilishuka kwa kiasi cha pointi 11 katika muda wa majuma machache. Sukuma wiki unayoidharau bwenini ina heshima yake katika vitabu vya matabibu.

Tembea. Dakika 150 kwa juma, kwa mwendo wa kukaza, zamtosha mtu mzima. Wewe kijana wahitaji saa moja kila siku ya kucheza au kufanya kazi ya kutoa jasho. Tena iache tumbako, au usiianze kamwe. Anayeiacha, baada ya mwaka mmoja hatari yake ya kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo hupungua kwa nusu ikilinganishwa na ya mvutaji. Pombe nayo hupandisha presha.

Ama kitunguu saumu na maji ya rosela, hivyo navyo vimejaribiwa, vikaonekana kuwa huweza kushusha shinikizo kidogo. Kula kitunguu chako katika mchuzi kwa amani. Lakini kidogo ni kidogo, hakijazi pengo la kidonge, na mgonjwa anayemeza dawa ya kuzuia damu isigande amwambie daktari wake kabla ya kutumia vitunguu vilivyotengenezwa kuwa dawa, kwani damu yaweza kukataa kukoma ikitoka. Na yale yote niliyoyataja, ya chumvi na mboga na mwendo, hufuatana na vidonge kama mguu wa kulia na wa kushoto. Yakishusha presha sana, daktari ndiye atakayepunguza vidonge, naye atapunguza kwa kipimo.

Huenda ukasema: mimi ni mwanafunzi, mambo haya ni ya wazee. Sivyo. Wewe ndiwe unayesoma kijaratasi cha dawa nyumbani kwenu, na mara nyingi maneno yako juu ya mambo ya kitabu husikilizwa. Basi nakupa kazi tatu. Koo lako au la mdogo wako likiuma pamoja na homa, mwambieni mzazi twendeni zahanati, msingojee lipone lenyewe. Mtoto aliyekwisha kupatwa na homa ya baridi yabisi akiandikiwa sindano ya penisilini kila baada ya majuma matatu au manne, asiikose hata moja, ijapokuwa anajisikia mzima. Pili, likizo hii waulize baba na mama, babu na bibi, lini walipimwa presha mara ya mwisho. Mkanda hufungwa mkononi, hujazwa upepo, na jibu hutoka kabla ya chai kupoa. Likionyesha 140 juu au 90 chini, au zaidi, siku mbalimbali, basi kuna kazi ya kufanya.

Tatu, akija mwenye chupa, usimtukane, maana matusi si hoja. Mwulize kwa adabu mbele ya watu: Bwana, ndani yake mna nini, na kiasi gani? Nani alipimwa kabla ya kuinywa, akapimwa na baada yake? Na waliodhurika ni wangapi? Kama ni tabibu wa kweli wa miti shamba atafurahi kuulizwa, na wako walio kweli. Kama si tabibu atapaza sauti. Waliotutangulia walikwisha kusema kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Daftari lile la mchango ninalo mpaka leo. Majina ni thelathini na moja, na la kwanza ni langu. Pesa tulizotoa zingetosha kumlipia Mzee vidonge vya miezi mingi, na nauli ya kwenda kupimwa kila mwezi, na bakshishi ikabaki. Hatukupungukiwa na mapenzi wala na pesa. Tulipungukiwa na swali moja. Wewe usipungukiwe nalo. Siku utakapoombwa kuchangia chupa ya mtu umpendaye, changia kwanza nauli ya kumpeleka akapimwe.